Biashara ya Mume na Mke: Mambo ya Kisheria na Kihesabu Wanayopaswa Kuyajua Wanandoa

Katika mitaa, masoko na vituo vya mabasi nchini Tanzania, biashara nyingi ndogo huendeshwa na mume na mke kwa pamoja. Mmoja hufuata bidhaa kwa mfanyabiashara wa jumla na mwingine hukaa dukani. Mmoja hushona nguo na mwingine huwapima wateja na kupokea fedha. Mmoja hulisha kuku na mwingine huzungusha mayai kwa wateja. Hata hivyo, leseni, mkataba wa pango, akaunti ya benki na namba ya kulipia kwa simu kwa kawaida huwa na jina la mmoja wao tu.

Mambo yanapokwenda vizuri, hali hiyo haimsumbui mtu. Uzito wake huonekana siku ambayo mkopo umechelewa kulipwa, ndoa imeingia doa au mmoja wa wanandoa amefariki dunia. Hapo ndipo mwenzi aliyefungua duka kila alfajiri kwa miaka kumi hutakiwa kueleza, mbele ya ndugu, benki au mahakama, kwamba biashara hiyo ni yake pia.

Sheria za Tanzania zinatambua jasho la mwenzi hata kama jina lake halipo kwenye hati. Lakini yule asiye na jina ndiye anayebeba mzigo wa kulithibitisha jasho hilo. Kwa sababu hiyo, wanandoa wanaofanya biashara pamoja wanashauriwa kupanga na kuandika mambo yao mapema, wakati bado wanaelewana.

Biashara ndogo ni ipi

Sera ya Maendeleo ya Viwanda Vidogo na Biashara Ndogo ya mwaka 2003 inazigawa shughuli za kiuchumi kwa idadi ya wafanyakazi na ukubwa wa mtaji. Biashara ndogo sana ni ile yenye mtu 1 hadi 4 na mtaji usiozidi shilingi milioni 5. Biashara ndogo ina watu 5 hadi 49 na mtaji unaozidi shilingi milioni 5 hadi milioni 200. Biashara ya kati ina watu 50 hadi 99 na mtaji wa hadi shilingi milioni 800.

Kwa vigezo hivyo, duka, mgahawa, saluni au banda la ufundi linaloendeshwa na mume, mke na msaidizi mmoja huangukia katika kundi la biashara ndogo sana. Udogo huo hauiondolei biashara wajibu wa kusajiliwa, kupata leseni na kulipa kodi pale sheria inapotaka, wala hauwaondolei wenye nayo haki ya kulindwa na sheria.

Sheria ya Ndoa inasema nini kuhusu mali

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, ndiyo msingi wa suala hili. Kifungu cha 56 kinampa mwanamke aliyeolewa haki sawa na mwanamume ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza, haki ya kuingia mikataba, na haki ya kushitaki na kushitakiwa. Mke hahitaji ruhusa ya mumewe ili asajili biashara, afungue akaunti au atie saini mkataba wa pango.

Kifungu cha 58 kinaeleza kuwa ndoa peke yake haibadilishi umiliki wa mali. Aliyeingia katika ndoa akiwa na cherehani, kiwanja au duka anaendelea kuwa mmiliki wa mali hiyo, isipokuwa wanandoa wamekubaliana vinginevyo. Maneno hayo ya mwisho yana umuhimu mkubwa, kwa kuwa yanaonesha kwamba sheria inawaruhusu mume na mke kuwekeana makubaliano kuhusu mali zao.

Kifungu cha 60 kinahusu mali iliyopatikana wakati wa ndoa. Ikiwa mali imepatikana kwa jina la mume pekee au la mke pekee, sheria huichukulia kuwa ni ya huyo mwenye jina mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ikiwa imepatikana kwa majina ya wote wawili, sheria huchukulia kuwa hisa zao ni sawa, na hapo pia anayedai tofauti hutakiwa kuthibitisha. Kwa lugha nyepesi, jina lililo kwenye hati humpa mhusika mahali pa kusimama, na asiye na jina huanza safari yake akiwa nyuma.

Kwa ndoa za wake zaidi ya mmoja, kifungu cha 57 kinawapa wake wote haki, wajibu na hadhi iliyo sawa mbele ya sheria. Familia ya namna hiyo inahitaji uangalifu zaidi katika kuandika ni biashara ipi imejengwa na nani, kwa mtaji wa nani na kwa kazi ya nani, ili jasho la mke mmoja lisije likachanganywa na la mwingine.

Kuchagua muundo wa biashara

Wanandoa wana njia kuu tatu za kuisajili biashara yao, na kila njia ina matokeo tofauti. Usajili wa majina ya biashara na makampuni kwa Tanzania Bara hufanywa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) kupitia mfumo wa mtandao, na mwombaji hutakiwa kuwa na namba ya Kitambulisho cha Taifa.

Njia ya kwanza ni biashara ya mtu mmoja, ambapo jina la biashara husajiliwa chini ya mume au mke pekee. Ni njia rahisi na yenye gharama ndogo. Jina la biashara lililosajiliwa haliifanyi biashara kuwa mtu wa kisheria. Deni la biashara ni deni la mwenye jina, na mali yake binafsi inaweza kuguswa. Mwenzi anayefanya kazi humo hana hadhi yoyote inayoonekana kwenye daftari la usajili.

Njia ya pili ni ubia, ambapo jina la biashara husajiliwa kwa watu wawili au zaidi. Ubia unaongozwa na Sheria ya Mikataba. Pasipo makubaliano tofauti, wabia hugawana faida kwa usawa na kubeba hasara kwa usawa, na kila mmoja anaweza kudaiwa deni lote la ubia. Njia hii humpa kila mwenzi nafasi iliyoandikwa, lakini pia humfunga kila mmoja kwa ahadi ambazo mwenzake amezitoa kwa niaba ya biashara.

Njia ya tatu ni kampuni, chini ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002. Kampuni ni mtu wa kisheria aliye tofauti na wenye hisa. Mume na mke wanaweza kugawana hisa kwa kadiri wanavyokubaliana, wote wakawa wakurugenzi, na kampuni ikaendelea kuwepo hata mmoja wao akifariki. Gharama yake ni kwamba kampuni ina wajibu mwingi zaidi, ukiwemo kuwasilisha taarifa za mwaka BRELA, kuandaa hesabu kamili na kulipa kodi ya mapato ya asilimia 30 ya faida. Aidha, benki mara nyingi huwataka wakurugenzi wa kampuni ndogo kudhamini mkopo kwa mali zao binafsi, hivyo kinga ya kampuni isichukuliwe kuwa kamili.

Kwa duka dogo la mtaani, kampuni inaweza kuwa mzigo mkubwa kuliko faida yake. Wanandoa wenye biashara ya aina hiyo wanaweza kuanza na jina la biashara la ubia, au wakabaki na jina la mmoja na kuandikiana makubaliano yanayoeleza fungu la mwingine.

Leseni na kodi

Biashara nyingi ndogo hupata leseni zake katika halmashauri ya jiji, manispaa, mji au wilaya, kwa mujibu wa Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972. Kabla ya leseni, mwombaji hupata Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi, maarufu kama TIN, kutoka Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Namba hiyo hutolewa bila malipo.

Mfanyabiashara binafsi ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 100 kwa mwaka hutozwa kodi ya mapato kwa mfumo wa makadirio unaotokana na mauzo, na hulipa kwa awamu nne katika mwaka. Katika mfumo huo, mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hayatozwi kodi ya mapato. Kwa wenye mauzo madogo yanayozidi kiwango hicho, sheria imetofautisha kati ya anayetunza kumbukumbu za mauzo na asiyetunza. Asiyetunza hutozwa kiasi maalumu, wakati anayetunza hukokotolewa kulingana na mauzo yake halisi.

Mfumo huo umewekwa kwa mtu binafsi. Katika ubia, mapato hugawanywa kwa wabia na kila mmoja hutozwa kodi kwa fungu lake. Katika kampuni, hutozwa kampuni yenyewe. Wanandoa wanapaswa kuuliza ofisi ya TRA ya wilaya yao kabla ya kubadili muundo, ili wajue mabadiliko hayo yataathiri vipi kodi yao. Tangu Julai 2023, kiwango cha mauzo kinachomlazimu mfanyabiashara kujisajili katika Kodi ya Ongezeko la Thamani ni zaidi ya shilingi milioni 200 kwa mwaka.

Jambo ambalo wanandoa wengi husahau ni kwamba kumbukumbu za kodi huwa pia kumbukumbu za mchango. Daftari linaloonesha nani alileta mtaji wa kuanzia, nani alinunua friji na nani alilipa pango la mwezi wa kwanza linaweza kutumika TRA na linaweza kutumika mahakamani.

Hesabu ya kazi isiyolipwa

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika biashara ya mume na mke, kinachopotea kwanza bila habari ni thamani ya kazi ya wenyewe.

Uchukuliwe mfano wa kukokotoa wa duka la vyakula lenye mauzo ya shilingi 3,000,000 kwa mwezi. Bidhaa zilizouzwa zilinunuliwa kwa shilingi 2,400,000. Pango ni shilingi 150,000. Umeme, usafiri, ulinzi na uzoaji taka ni shilingi 130,000. Kinachobaki ni shilingi 320,000, na wenye duka huamini kuwa hiyo ndiyo faida.

Lakini katika mwezi huohuo familia imechukua rafuni unga, sukari, mafuta na sabuni vya thamani ya shilingi 90,000 bila kuandika popote. Vikitolewa, kinabaki shilingi 230,000. Duka hilo hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 3 usiku, na mume na mke hupokezana ndani yake kila siku. Fedha hiyo ikigawanywa kwa wawili, kila mmoja amepata shilingi 115,000 kwa mwezi mzima wa kazi, kabla ya kodi. Ikiwa mmoja ataugua na msaidizi akaajiriwa kwa shilingi 150,000, kitakachobaki kwa familia ni shilingi 80,000.

Hesabu hiyo haina maana kuwa duka lifungwe. Inaonesha kwamba duka linaishi kwa sababu watu wawili wanafanya kazi bila ujira, na kwamba kazi ya kila mmoja ina bei. Wanandoa wanashauriwa kujiwekea posho ya mwezi, hata ikiwa ndogo, na kuiandika. Bidhaa zinazokwenda nyumbani ziandikwe kwa bei ya kununulia. Fedha ya duka na fedha ya nyumba zisikae katika mkoba mmoja, wala katika laini moja ya simu.

Biashara inapokuwa kampuni na mwenzi akalipwa mshahara, sheria za ajira, kodi na hifadhi ya jamii hutumika. Mshahara usiozidi shilingi 270,000 kwa mwezi hautozwi kodi ya mapato ya ajira. Mchango wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) ni asilimia 20 ya mshahara, unaochangiwa na mwajiri na mfanyakazi. Wasio katika ajira rasmi wanaweza kujiunga na NSSF kwa kuchangia kwa hiari. Ni vyema kila mwenzi awe na uanachama wake, kwa kuwa mafao ya uzeeni hulipwa kwa mwenye jina.

Familia nyingi pia husaidiwa na watoto dukani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto mwenye umri chini ya miaka 14. Mwenye miaka 14 anaweza kufanya kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya yake wala kuathiri masomo yake.

Mikopo, dhamana na nyumba ya familia

Mkopo wa biashara ni eneo lenye migogoro mingi kati ya wanandoa. Sheria imeweka kinga muhimu kwa nyumba. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinamkataza mume au mke kuuza, kugawa, kukodisha au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina lake peke yake. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nacho kinataka ridhaa ya mwenzi kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani, na kinamtaka mkopeshaji kuchukua hatua za kutosha kujua kama mwombaji ana mwenzi.

Ridhaa hiyo si saini ya kupitisha tu karatasi. Mwenzi anayetakiwa kutia saini ana haki ya kuusoma mkataba, kujua kiasi cha mkopo, riba, muda wa marejesho na kitakachotokea marejesho yakikwama. Akishatia saini kwa hiari, itakuwa vigumu baadaye kudai kwamba hakujua. Kwa upande mwingine, kudanganya kuwa mtu hana mwenzi, au kumleta mtu mwingine atie saini kwa niaba yake, ni kosa linaloweza kumfikisha mhusika katika vyombo vya dola.

Kinga hiyo ya nyumba haifiki kwenye vyombo vya ndani na bidhaa za dukani. Ndivyo ilivyo kwa mikopo ya haraka ambayo mitaani huitwa kausha damu, inayochukuliwa na mmoja bila mwenzake kujua na kudhaminiwa kwa televisheni, makochi au mtaji wa duka. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mkopeshaji anapaswa kuwa na leseni au usajili. Mkopaji anashauriwa kuthibitisha leseni hiyo, kudai nakala ya mkataba na kuwa na stakabadhi ya kila rejesho.

Zipo njia nafuu zaidi. Kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba kwa vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mke aliye katika kikundi kilichosajiliwa anaweza kunufaika na mkopo huo. Familia inapaswa kukumbuka kuwa deni hilo ni la kikundi, hivyo fedha ikitumika kuokoa duka la mumewe bila makubaliano ya namna itakavyorejeshwa, watakaoumia ni wanakikundi wenzake. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa mwaka 1973, nalo hutoa mafunzo, ushauri na huduma za mikopo kwa wajasiriamali katika mikoa.

Makubaliano ya maandishi kati ya mume na mke

Baadhi ya wanandoa huona kuandikiana ni dalili ya kutoaminiana. Uzoefu wa kawaida wa migogoro unaonesha kinyume chake: kinachovunja imani ni kila mmoja kukumbuka kivyake yale yaliyosemwa zamani. Makubaliano yanaweza kuandikwa kwa Kiswahili, kwenye karatasi mbili au tatu, yakasainiwa na wote wawili mbele ya mashahidi, na yakathibitishwa na wakili pale biashara ilipo kubwa. Yanapaswa kueleza mambo yafuatayo:

1. Jina la biashara, mahali ilipo na aliyesajiliwa kuwa mmiliki.
2. Mtaji ulioletwa na kila mmoja, uwe fedha, vifaa, kiwanja au bidhaa, pamoja na tarehe.
3. Kazi ya kila mmoja na posho yake kwa mwezi.
4. Fungu la kila mmoja katika faida na katika hasara.
5. Akaunti ya benki na namba ya kulipia kwa simu, pamoja na anayeruhusiwa kutoa fedha.
6. Kiwango cha mkopo au manunuzi ambacho mmoja hawezi kukifanya bila ridhaa ya mwingine.
7. Utaratibu wa kuwasaidia ndugu na marafiki kutoka fedha za duka.
8. Namna biashara itakavyothaminiwa na kugawanywa ikiwa wataachana, au mmoja akiamua kujitoa.
9. Mtu atakayeiendesha mmoja wao akiugua kwa muda mrefu au akifariki.

Kwa akaunti ya pamoja, wanandoa huchagua kati ya saini ya wote wawili na saini ya yeyote kati yao. Saini ya wote hulinda fedha lakini huchelewesha manunuzi ya haraka. Saini ya yeyote hurahisisha kazi lakini huacha mlango wazi. Baadhi ya familia huwa na akaunti mbili: ndogo ya matumizi ya kila siku yenye saini ya mmoja, na kubwa ya akiba yenye saini za wote.

Ndoa inapovunjika

Kabla ya shauri la talaka kufunguliwa mahakamani, Sheria ya Ndoa inataka mgogoro upelekwe kwanza katika Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, isipokuwa kwa mazingira machache yaliyotajwa na sheria. Usuluhishi ukishindikana, Baraza hutoa hati inayowezesha shauri kufunguliwa.

Mahakama inapotoa talaka au kutenganisha wanandoa, kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinaipa mamlaka ya kugawa mali zilizopatikana kwa juhudi za pamoja. Mahakama huangalia mila za jamii ya wahusika, mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni yaliyochukuliwa kwa manufaa ya wote, na mahitaji ya watoto. Baada ya kuyazingatia hayo, mahakama huelekea kwenye mgawanyo ulio sawa. Duka lililokuwapo kabla ya ndoa nalo linaweza kuingizwa, ikiwa liliendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzi mwingine au kwa juhudi za wote wawili wakati wa ndoa.

Mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ya Tanzania katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu iliamua kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango unaostahili kuhesabiwa katika kupatikana kwa mali za familia. Uamuzi huo umeendelea kuwa rejea katika mashauri ya mgawanyo wa mali. Hata hivyo, uamuzi huo haumpi kila mwenzi nusu ya mali moja kwa moja. Mahakama hupima kiasi cha mchango kwa ushahidi uliopo, na ndipo daftari, stakabadhi na mashahidi huwa na thamani.

Watu walioishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi na kutambulika katika jamii kama mume na mke nao wana ulinzi. Kifungu cha 160 cha sheria hiyo huchukulia kuwa walikuwa wameoana, mpaka ithibitishwe vinginevyo, na mahakama inaweza kutoa amri zinazofanana na zile za ndoa iliyofungwa rasmi.

Mmoja anapofariki

Biashara iliyosajiliwa kwa jina la marehemu peke yake huingia katika mirathi. Akaunti ya marehemu husimamishwa hadi mahakama itakapoteua msimamizi wa mirathi, na mjane au mgane anaweza kujikuta hana hata fedha ya kununulia bidhaa. Msimamizi hukusanya mali, hulipa madeni, kisha hugawa kilichobaki kwa warithi kulingana na sheria inayomhusu marehemu, iwe ya Kiislamu, ya kimila au ya Serikali.

Kinachogawanywa ni mali ya marehemu, wala si fungu la mwenzi aliye hai. Tofauti hiyo ni kubwa. Chini ya sheria ya Kiislamu, kwa mfano, mjane wa marehemu aliyeacha watoto hupata sehemu moja ya nane ya mirathi. Ikiwa duka lote litahesabiwa kuwa la marehemu, mjane aliyelijenga pamoja naye hupata sehemu moja ya nane ya duka. Ikiwa makubaliano au usajili unaonesha kuwa nusu ni yake, nusu hiyo hubaki kwake, na sehemu moja ya nane huhesabiwa katika nusu ya marehemu tu.

Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) huwasaidia wananchi kuandika wosia na kuutunza. Wanandoa wenye biashara wanashauriwa kutumia huduma hiyo, na kuhakikisha cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto vipo, kwa sababu ndivyo vinavyoulizwa kwanza wakati wa mirathi.

Pa kupata huduma

Usajili wa jina la biashara na kampuni hufanywa BRELA; leseni hutolewa na halmashauri kupitia ofisi ya biashara; TIN na masuala ya kodi hushughulikiwa na TRA; na mikopo ya vikundi huratibiwa na Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata au halmashauri. Mwananchi asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kupata msaada wa kisheria kwa watoa huduma waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Kwa upande wa Zanzibar, ndoa na usajili wa biashara vina sheria na taasisi zake. Usajili hufanywa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali Zanzibar (BPRA), kodi husimamiwa na Mamlaka ya Mapato Zanzibar (ZRA) pamoja na TRA kwa kodi za Muungano, na mashauri ya ndoa na mirathi ya Waislamu husikilizwa na Mahakama ya Kadhi.

Wanandoa ambao biashara yao tayari inaendelea kwa jina la mmoja hawana haja ya kuifunga na kuanza upya. Wanaweza kuanza kwa kuhesabu bidhaa zilizopo na madeni yaliyopo, kuandika mtaji na kazi ya kila mmoja tangu siku ya kwanza, na kusaini karatasi hiyo mbele ya mashahidi. Baada ya hapo, leseni na usajili vinapofika muda wa kuhuishwa, wataamua kama jina la pili liongezwe.